Barabara ya Minago kwenye Kartoni

Kwenye matanga ya Fundi Rajabu niligombana na mzee mmoja, na sijuti. Tulikuwa uani kwa marehemu, hapa hapa Rumonge kando ya ziwa, wali umeshaliwa, wanaume upande wao na sisi wanawake upande wetu, na katikati wajukuu wa Rajabu wamejikunyata na simu zao. Mjukuu mmoja wa kike alikuwa anajenga mji ndani ya simu. Anaweka ukuta, anatoboa dirisha, anapanda miti, kisha anauvuta mto kwa kidole na kuupeleka anakotaka yeye. Yule mzee, jirani wa siku nyingi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu, "Hivi vitu vinawafunga watoto akili. Sisi zamani tulikuwa tunaunda vitu kwa mikono." Nikajua anamsema na marehemu pia, maana ni Rajabu aliyeleta mashine ya kwanza ya mchezo katika mji huu. Nikamjibu pale pale, "Baba, nyamaza kwa kitu usichokijua. Nilichokiona mimi kikitoka kwenye kioo cha Rajabu, mikono yako hiyo haijawahi kukiunda." Wanawake wakanivuta kanga. "Zuena, shii! Tuko kwenye msiba!" Nikanyamaza kwa ajili ya marehemu, lakini nilirudi nyumbani kifua kimejaa, nikalala na mwaka mzima wa ujana wangu umenikalia juu.

Basi nitausimulia mwaka huo mmoja tu. Wazazi wangu na ukoo wangu hamna haja nao, wao hawakuingia katika chumba kile. Ulikuwa mwaka wa ambargo, nchi za jirani zimefunga mipaka, na vita viko milimani juu yetu. Ukisimama ziwani unaona moshi kule juu, ukigeuka unaona maji, na katikati ndio sisi, tumebanwa kwenye ule ukanda mwembamba wa michikichi. Shule yangu ilikuwa imefungwa. Chumvi ilikuja kwa mtumbwi, sabuni ilikuja kwa mtumbwi, na esansi, petroli ya gari, ilikuja kwenye bidoni, madumu ya plastiki, kwa bei ambayo mtu mwenye heshima hakuthubutu kuiuliza. Nilikuwa msichana mwenye mdomo mrefu na kazi fupi, na mchana wangu wote niliumalizia kwa Rajabu.

Rajabu alikuwa fundi wa redio. Chumba chake kilitazama barabara, lakini dirisha alikuwa ameliziba kwa blanketi la kijivu ili kioo cha televisheni kionekane vizuri, kwa hiyo ukiingia kutoka juani ulikuwa kipofu kwanza, unapapasa magoti ya watu mpaka upate pa kukaa. Kulikuwa na benchi la ubao juu ya kreti za soda, redio zilizofunguliwa matumbo ukutani, harufu ya risasi ya kulehemia na harufu ya sambusa kutoka kwa jirani. Mashine yenyewe ilikuwa kitu kidogo cheusi, ililetwa kutoka Kigoma na mtu aliyeipata Uarabuni, na nje uani grupu, jenereta ya umeme, ilikuwa inanguruma mpaka kuku wakahama. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Kijitu cha kijani kinakimbia kuelekea mkono wa kuume, kinaruka mashimo, kinakwepa moto, kikifa kinaanza tena, maana kilipewa maisha matatu. Hakikuwa na jina. Sisi tulikiita Mukimbizi, na wakimbizi wenyewe ndio waliocheka zaidi.

Byamungu nilimkuta amekaa mwisho wa chumba juu ya gunia. Si kwamba benchi lilikuwa limejaa. Alikuwa anabeba mawese kwa velo, baiskeli, kutoka Minago hadi hapa, bidoni tatu nyuma na moja mbele, na Rajabu alimkataza kukalia mbao zake. "Utaniachia alama ya matako," alimwambia, "watu watafikiri nimekaanga mtu." Alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mama yake, vita vya kule vilipowafukuza kuja kwenye vita vya huku. Kijana mrefu, mpole wa maneno, ila akitazama kitu anakitazama kama anakula. Siku hiyo zamu yake ilipofika alichukua maneti, ile ya kuchezea, akakisimamisha kile kijitu, kisha akajaribu kukirudisha kushoto. Kikagonga ukingo wa kioo. Akajaribu tena.

"Kaka Rajabu," akauliza, "huku nyuma iko nini?"

"Nyuma wapi?"

"Huku kushoto. Huyu mutu ametoka kwao. Kwao iko wapi?"

"Hana kwao. Mchezo unaanzia hapo."

"Haiwezekani. Kila mutu iko na kwao."

Watu wakaangua kicheko. Rajabu akamwambia, "Wewe cheza, usituletee maswali ya ofisi ya komune humu." Byamungu akacheka pia, akacheza, akafa mara zake tatu akarudisha maneti. Lakini alipotoka nilimwona amesimama kando ya velo yake bila kupanda, anatazama barabara upande wa kushoto, kisha wa kulia. Nikamuuliza amepoteza nini. Akaniambia, "Dada, ile mchezo imekatwa nusu. Minataka kuona nusu ingine." Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema hivyo. Sisi wengine tulikuwa tunataka tu kushinda.

Kisha esansi ikakatika kabisa, na grupu ikanyamaza. Watu waliendelea kuja. Mnaweza kunicheka, lakini tulikaa mbele ya kioo kilichozimika, tukisimuliana jinsi tulivyokuwa tunaruka shimo fulani, huku Rajabu akilehemu redio zake na kutuomba tuondoke. Hapo ndipo Byamungu alipoingia na kartoni ya sabuni aliyoifungua na kuilaza sakafuni. Alikuwa ameichora barabara kwa mkaa. "Hapa Minago," akasema. "Hapa daraja. Hapa bariyeri ya askari. Hapa soko ya Rumonge. Hii haihitaji esansi." Rajabu akaacha kazi, akachuchumaa, akaitazama kwa muda. "Na huku pembeni mbona umeacha wazi?" Byamungu akajibu, "Huku iko maji. Na ng'ambo ya maji ni Uvira. Yangu iko na kurudi."

Tuliitengeneza jikoni kwa mama yake, na kile chumba nakikumbuka kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Kilikuwa cha kupanga, ukuta wa matofali mabichi, mlango wa bati, sufuria mbili. Mama Byamungu alikuwa mwanamke mfupi wa kanisa, anaimba akitwanga na akisimama kuimba ujue amekasirika. Kuunganisha kartoni tulihitaji gundi, na gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Akatukuta tunapaka. "Unga ya kukula munapakaa ku karto? Byamungu, uko na akili kweli? Na wewe mutoto wa Waislamu, kwenu banakufundisha hivi?" Nikamwambia nitamletea unga mwingine. "Utaleta, ee! Na utaosha hii sufuria!" Nikaosha. Kisha akatupakulia bugali na sombe, majani ya muhogo, yenye ndagala, dagaa wa ziwani, ndani, akatutazama tunavyokula, akaanza kuimba tena. Nyuma ya ukuta wanawake wa jirani walikuwa wanaulizana nani amevuka ziwa wiki hiyo na nani amerudishwa, majina yakipita pale juu ya chakula chetu, na sisi tukitafuna tukisikiliza kama hatusikilizi.

Rangi tulizipata humo humo. Nyekundu ilikuwa mawese, nyeusi mkaa, buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, manjano ya sokoni. Badala ya dadu tulipasua kokwa za chikichi katikati. Unatupa vipande vinne, unahesabu vilivyoangukia mgongo, unatembeza kifuniko chako cha soda. Sheria nyingi alizibuni yeye, lakini ile ya bariyeri niliibuni mimi, na bado naionea fahari. Ukifika bariyeri huwezi kupita kwa kokwa. Lazima useme unatoka wapi, unakwenda wapi, kufanya nini, na wenzako ndio askari, wakikuamini unapita. Loo, hapo ndipo mchezo ulipokuwa mchezo! Mtu ambaye hajawahi kufungua mdomo mbele za watu akawa anasimulia ng'ombe wake aliyeolewa Kabezi. Kinyozi mmoja alitunga safari ya kupeleka jino lake kwa daktari peke yake, yeye mwenyewe akibaki nyumbani. Tulicheka mpaka Rajabu akafunga mlango akiogopa watu watafikiri tumepata habari nzuri.

Haikuishia hapo. Watu walianza kuleta kartoni zao. Mvuvi mmoja akaleta ya Gitaza, ndagala wameanikwa mchangani, ukikanyaga unarudi nyuma kwa utelezi. Binti mmoja mdogo akachora barabara inayopita chini ya ziwa, na samaki mkubwa aina ya sangala anayekuuliza vitendawili. Mwingine akachora nyumba yao ya milimani iliyochomwa, akaichora ikiwa nzima, na sheria yake ilikuwa kwamba kila anayepita lazima aingie ale. Hakuna aliyetufundisha. Nchi ilikuwa inaungua, na sisi mchana kutwa sakafuni kwa Rajabu tunajenga nyingine ya kartoni. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kioo kinafunga akili, damu inanichemka. Ni kile kijitu cha kijani kisichoweza kurudi kwao ndicho kilichotufungua sisi.

Na ndiyo, nilimpenda. Nalisema wazi maana wanaoweza kuona aibu wameshazikwa. Siku moja alikuwa anapaka barabara kwa mawese, kidole chekundu, akakipitisha kwenye mkono wangu kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. "Hii ni barabara gani?" nikamuuliza. "Hii haina bariyeri," akasema. Mama yake alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akakohoa. Tukainama wote wawili juu ya kartoni kama wanafunzi wa chuo. Mkristo na Mwislamu, mkimbizi na mwenyeji, hatukuwa hata na njia ya kuanza kuliongea jambo lile kwa wakubwa, na hatukuliongea. Tulikuwa tunapaka rangi.

Minago kulikuwa na watu waliokimbia milima, wamelala katika madarasa ya shule, na watoto wao walisikia habari za mchezo. Kila Byamungu alipokwenda kuchukua mawese walimzunguka: lini utatuletea? Asubuhi moja akaikunja ile kartoni ya kwanza, ile kubwa, akaiweka chini ya bidoni tupu na kuifunga kwa mpira. Nilimwambia asubiri, sehemu ya soko haijaisha rangi. Akasema watoto hawatajali. Alasiri mwenzake wa velo akaja mbio mpaka kwa Mama Byamungu. Bariyeri imemkamata. Wamekunjua kartoni, wameona barabara, daraja, vijia vya porini, na wamejiona wao wenyewe wamechorwa wanne na bunduki zao. Wamesema ni ramani ya adui. Mama Byamungu alikuwa anatwanga. Aliuweka mchi chini polepole, akaegemea kinu, akasema, "Bataniulia mutoto."

Tulikwenda watatu, mimi, Mama Byamungu na Rajabu. Rajabu aliogopa, jasho lilikuwa linamtoka kabla hatujatembea, lakini alivaa kanzu yake ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa, akasema, "Mchezo ulitoka kwangu." Kwa neno hilo peke yake namwombea mpaka leo. Mnataka kujua askari wale walikuwa wa upande gani? Sitawaambia. Mwaka ule kila upande ulivaa magwanda na kila upande ulikuwa na bariyeri. Komanda wao alikuwa amekaa chini ya kibanda cha makuti ya mchikichi, kartoni yetu iko mbele yake juu ya meza. Byamungu alikuwa ardhini, mikono nyuma, amefungwa na ule mpira wa velo yake mwenyewe. Jicho moja lilikuwa limevimba. Aliponiona alitikisa kichwa kunikataza nisiongee. Nani aliwahi kunikataza?

"Amahoro, Komanda," nikasema. "Hiyo ni mchezo."

"Mchezo gani una bariyeri?"

"Mchezo wa hapa kwetu. Tungechora nini, Bujumbura?"

Rajabu akanikanyaga mguu. Komanda akanitazama, mtu mnene wa umri wa baba yangu, mwenye macho ya kukosa usingizi. "Kama ni mchezo," akasema, "nifundishe. Ukinidanganya nitajua." Nikaomba kokwa, zikatolewa mfukoni mwa Byamungu. Nikampa kifuniko cha soda, mimi nikachukua kingine, na kijana mmoja wa askari, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akaamriwa awe wa tatu. Kokwa zangu za kwanza zilianguka chini ya meza, nikainama kuziokota. Mama Byamungu alikuwa amepiga magoti juani, midomo inaomba bila sauti.

Tukacheza. Mwanzoni Komanda alitupa kama anayepima risasi. Akafika darajani, akaanguka mtoni, nikamwambia, "Umekufa, Komanda. Unarudi Minago, umebakiwa na maisha mawili." Akauliza, "Mimi nimekufa?" Nikasema, "Ndiyo sheria." Akarudisha kifuniko mwenyewe. Alipofika kwenye mraba wa bariyeri nikamweleza: lazima useme unakwenda wapi, na sisi tukuamini. Mtu yule kazi yake ilikuwa kuuliza swali hilo kutwa nzima, na sidhani kama aliwahi kuulizwa. Mwishowe akasema, "Naenda kuoa." Yule askari mwenye mwanya akasahau cheo, akauliza, "Kwa nani?" "Kwa dada yako." Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko, Komanda mwenyewe akafuta machozi, akaongeza mahari, akaongeza shemeji mlevi, akaongeza mbuzi aliyekula hotuba ya padri, na alikuwa msimuliaji, wallahi, alikuwa msimuliaji hasa. Tukamruhusu apite. Akafika Rumonge wa kwanza, akapiga meza kwa furaha. "Kweli ni mchezo," akasema. "Mfungueni."

Mama Byamungu akalala kifudifudi akishukuru. "Murakoze, murakoze cane!" Nikamwona Byamungu anasugua mikono, ananitazama, na katika maisha yangu yote sijawahi kuwa na furaha kama ya dakika ile. Nilikuwa nimemtoa. Kwa mdomo wangu na kokwa za chikichi nilikuwa nimemtoa.

Komanda alikuwa bado ameinamia kartoni. Akaweka kidole juu, pembeni, kwenye kijia chembamba cha mkaa. "Hiki kinapanda wapi?"

"Hiyo ni ya bachuma chikichi," Byamungu akajibu. "Inatoka nyuma ya mashine ya mawese, inapita pango, inafika mlima ule wa pili."

"Sisi hatukijui. Umekichora kwa kuangalia nini?"

"Kwa kichwa, Komanda."

"Vyote hivi kwa kichwa?" Akainua uso, na sasa alimtazama kwa heshima kabisa, Mungu anisamehe, kwa heshima. "Basi wewe ni mtu tunayemtafuta. Utapanda na vijana wangu, utawaonyesha njia. Ukimaliza utarudi kwenu."

Hakupiga kelele. Hakutisha. Mama Byamungu alimshika mguu, akaondolewa kama unavyoondoa mtoto mlangoni. Rajabu alianza kusema kitu cha kidini, hakuna aliyemsikiliza. Mimi, mwenye mdomo, sikupata neno hata moja. Walimpa Byamungu maji, wakatupatia sisi velo. Alimwambia mama yake, "Mama, tairi ya nyuma iko na tundu, musiipande." Kisha mimi: "Zuena, ile fasi ya soko umalizie rangi, watoto bangali bananingojea." Lakini kartoni Komanda aliibakiza. Alisema ni nzuri, vijana wake hawana cha kufanya mchana.

Watu wamewahi kuniambia nijilaumu. Kama ningecheza vibaya, eti, kama ningekaa nyumbani. Nimekataa. Nilikwenda kumwokoa mtu na nilicheza vizuri, na aliyemchukua ni aliyemchukua. Kinachoniuma si hatia. Kinachoniuma ni kwamba alipendwa na mtu asiyestahili kumpenda, kwa sababu ile ile niliyompendea mimi: kwamba alikuwa anaweza kufunga macho na kuona njia nzima.

Tukasubiri. Mama Byamungu alipika kila siku kama vile wanakula wawili, na fungu la pili akawapa watoto wa jirani jioni, kesho yake anapika tena. Kwa Rajabu kartoni nyingine zilibaki zimeegemezwa ukutani, hakuna aliyezigusa. Esansi ilipopatikana kidogo akawasha grupu, kijitu cha kijani kikaanza kukimbia, akakitazama, akazima. Mimi nikaanza kuuza ndagala, nanunua Gitaza nauza huku, na biashara ile haikuwa na faida yoyote ila moja, kwamba ilinipitisha bariyeri. Kila mara niliuliza. Kila mara waliniambia, "Bado wako juu." Komanda alihamishwa, akaja mwingine, sikuthubutu kumuuliza kitu.

Mvua za kwanza zilipokuja nilikwama pale bariyeri na wanawake wengine, tunangoja kukaguliwa, tumejibanza kwenye makuti. Askari walikuwa wanacheza. Niliisikia kabla sijaiona, kokwa zinaanguka juu ya meza. Yule mwenye mwanya akanitambua. "Mwalimu! Huyu ndiye mwalimu wetu! Kuja, dada, kuja uone, tumeiongeza." Nikasogea. Kartoni ilikuwa imechakaa, mawese yamefifia, na kwa upande wa juu walikuwa wameunganisha kipande kipya cha sanduku la biskuti, wamekichora milima kwa kalamu ya wino. Kazi ya watoto, lakini wameifanya kwa bidii, wameweka hata miti. Kile kijia chake kilikuwa kimeendelezwa, kinapanda, kinavuka kijito, na mwisho wake kulikuwa na mraba uliopakwa weusi mtupu.

"Hapa ni nini?" nikauliza.

"Hapa ukiangukia umekufa."

"Unarudi Minago."

"Hapana, hapa hurudi. Unatoka kabisa, unatazama wenzako." Akajikuna shingo. Alikuwa kijana mdogo kuliko mimi, na nadhani hakuwa na ubaya. "Mchezo wenu ulikuwa na kosa, dada. Mtu anakufa, anaanza tena, anakufa, anaanza tena. Hii tuliiweka sisi siku ile yule jeune, yule kijana wa velo, alipoanguka. Alikuwa mbele. Alikuwa ametuambia tungoje kwanza, kuna kitu kinasogea."

Nikamuuliza kama walimzika. Akasema waliondoka mbio. Nikamuuliza ni wapi hasa, akanionyesha kwa kidole, taratibu, kwa sababu aliona nataka kukariri: kijito, mwamba mkubwa, mivule miwili, hapo. Wenzake wakamwita, zamu yake imefika. Akatupa kokwa.

Sikulia njiani. Nilikuta mama yake jikoni, bugali iko motoni, na sikuhitaji kumwambia kitu, alinitazama usoni akaiepua sufuria. Akakaa kwenye kigoda. Aliuliza mahali tu: "Fasi gani?" Kule juu hakuna aliyeweza kwenda, wala mwaka ule wala miaka iliyofuata, na yeye hakuwahi kupanda mlima ule maishani mwake. Kwa hiyo nilichukua mkaa jikoni kwake, nikapiga magoti, nikamchorea kwenye sakafu. Nikaanza na mlango wake. Nikachora barabara, daraja, mashine ya mawese, kijia cha wachuma chikichi, pango, kijito, mwamba, mivule miwili. Alinifuata kwa kutambaa, mkono wake nyuma ya mkono wangu. "Iko mbali na maji?" Nikasema si mbali. "Iko kivuli?" Nikasema kuna miti. Nilipofika kwenye mivule, chini ya dirisha, nikaacha mkaa. Akalaza kiganja chake pale, akakikandamiza kama mtu anayepima joto la mtoto mgonjwa, kisha akalia, kilio kile nilichokuwa nakingoja tangu bariyeri, na mimi nikalia naye. Rajabu alikuja na majirani wakaja, na wote, bila kuambiwa, wakavua viatu mlangoni na kukaa pembezoni mwa ukuta wasije wakakanyaga mchoro.

Mama Byamungu aliishi katika chumba kile mpaka alipopata njia ya kurudi Uvira. Nilikuwa nampelekea unga. Kila asubuhi alifagia nyumba nzima, na ufagio ukifika pale chini ya dirisha aliuweka kando, akapiga magoti, akapuliza vumbi kwa mdomo.